Maswali Yenu: Kompyuta zimeingia darasani, sasa tufanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Mimi nafundisha Historia sekondari. Shule imepata kompyuta na mkuu wa shule anataka tuzitumie kwenye vipindi vya kawaida, sio somo la kompyuta tu. Nikafungua faili moja la Google Docs darasa zima waandike pamoja, ikawa vurugu tupu, huyu anafuta ya yule, mwingine anajaza jina lake ukurasa mzima, kengele inalia hatuna hata aya moja ya maana. Nirudi zangu ubaoni?

JIBU: Pole sana mwalimu. Ubao usiuache, na kompyuta nazo usizikimbie, kwa sababu hapo hawajakosea watoto wala programu, shida ni kazi yenyewe. Ni kweli faili moja la Google Docs linaruhusu mpaka watu 100 kuhariri kwa wakati mmoja, lakini hakuna insha duniani inayoandikwa na darasa zima kwa mpigo. Gawa vikundi vya watu wanne, kila kikundi faili lake, halafu wape kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza peke yake. Mimi hili ndilo nalisisitiza kuliko yote, kwa maana kama kazi inaweza kufanywa na mmoja basi itafanywa na mmoja na watatu watakaa wanamwangalia.

Mfano tuchukue chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza. Mwanafunzi wa kwanza mpe mauaji ya Sarajevo ya Juni 28, 1914, pale mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria-Hungaria alipopigwa risasi, wa pili mpe miungano ya mataifa makubwa, wa tatu mashindano ya silaha, hasa zile meli za kivita za Uingereza na Ujerumani, wa nne utaifa kule Balkani. Kila mtu anaandika aya yake kwenye faili lile lile na kusema kwa nini sababu yake ndiyo nzito. Wakimaliza, kila mmoja anasoma aya ya mwenzake na kuweka maoni pembeni, sio "nzuri sana" au "safi", hapana, lazima aulize swali au apinge kwa hoja. Mwisho wanaandika pamoja aya moja tu inayosema ipi ilikuwa na uzito zaidi na kwa nini, na hapo ndipo utasikia kelele za maana darasani maana wa Sarajevo hatakubali kirahisi kwamba risasi zile zilikuwa kisingizio tu na wa miungano naye hatashuka. Kompyuta hapo imefanya kazi yake, kila hoja iko mbele ya wote kwa wakati mmoja na hakuna anayesubiri daftari lizunguke.

Kuhusu kufutiana, mwanzoni waweke kwenye hali ya kupendekeza, yaani mtu akigusa sentensi ya mwenzake inabaki kama pendekezo mpaka likubaliwe. Na waambie mapema kabisa kwamba faili linatunza historia ya mabadiliko, nani kaandika nini na saa ngapi, hata kilichofutwa kinarudishwa. Wakishajua hilo utundu unapungua wenyewe.

SWALI: Mwanangu analalamika kazi za kikundi anazifanya yeye, wenzake wanapata maksi za bure. Mwalimu anasema zote zimo kwenye kompyuta. Je, kuna namna ya haki?

JIBU: Ipo mama, ni ile ile historia ya mabadiliko niliyoitaja hapo juu. Mwalimu akiifungua anaona mchango wa kila mmoja kwa rangi na jina, mradi kila mwanafunzi ameingia kwa akaunti yake, sio wote kwenye akaunti ya mmoja. Ila walimu nawaomba msiigeuze kuwa hukumu ya haraka. Ukiona aya ndefu imetokea kwa sekunde moja inawezekana amekopi kwingine, lakini pia inawezekana aliandika pembeni kisha akapesti. Muulize kwanza, mwambie akueleze hiyo aya kwa mdomo, dakika mbili zinatosha kujua. Na maksi zigawanye, sehemu ya kikundi na sehemu ya mtu binafsi, mwanao atapumua.

SWALI: Intaneti yetu inakuja na kukatika. Haya mambo ya kufanya kazi pamoja si yetu, au?

JIBU: Ni yenu kabisa! Watu wengi wanadhani bila intaneti hakuna kitu, wakati kompyuta za chumba kimoja zinaweza kuongea zenyewe kwa zenyewe kupitia rauta bila kutoka nje. Mtafute fundi aweke Etherpad kwenye kompyuta moja iwe seva, yaani ile inayohudumia nyingine zote, ni programu ya bure ya kuandika pamoja, kila anayeandika anapata rangi yake, na wengine wanaifungua kwa brauza tu. Moodle nayo, iliyotoka 2002, inakaa kwenye seva ya shule hivyo hivyo, humo mnaweka masomo, majaribio na majadiliano. Kolibri, programu ya masomo, yenyewe imetengenezwa makusudi kwa sehemu zisizo na intaneti. Mwalimu wa Hesabu ashushe GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo, siku mtandao ukiwa mzima, wa Fizikia ashushe majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, kisha yanatumika bila mtandao. Muhimu mpange nani anachukua bekapu ya ile seva kila wiki, kwa sababu ikifa na kazi za muhula mzima ziko ndani yake, hakuna pa kuzipata.

SWALI: Kompyuta chache, wanafunzi wengi. Wakae wangapi kila moja?

JIBU: Wawili wanatosha, watatu ndio mwisho. Mmoja anaandika, mwingine anasoma na kuelekeza, na kila dakika kumi wabadilishane kiti. Usiache wajichagulie, maana yule anayechapa haraka atang'ang'ania kibodi mpaka kipindi kiishe.