Kampuni ya malipo ikimrudishia mnunuzi fedha, mambo hayajaisha

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji. Ameuza kompyuta mpakato aliyokuwa akiitumia mwenyewe, mnunuzi kampata mtandaoni, mzigo umefika na umesainiwa. Wiki kadhaa baadaye kampuni ya malipo ikamrudishia mnunuzi fedha yote, na sasa akaunti ya msomaji wangu inasoma hasi. Anauliza kama alipe tu yaishe.

Asilipe. Ila asinyamaze pia, maana deni usilolipinga kwa maandishi litaendelea kusomeka kama deni. Nayasema haya nikiwa na mdomo wa kusemea: mwezi uliopita kampuni niliyoitumia mimi, ambayo sitaitaja, imegeuza uamuzi wake na kunirudishia kila senti. Mwacheni mwenzenu ajisifu kidogo, nimesota.

Mimi niliuza lenzi ya kamera. Mnunuzi alikuwa mtu wa maneno matamu na maswali ya kitaalamu: vioo vya ndani vina kuvu? Pete ya kulengea inazunguka bila kukwama? Nikamjibu kwa picha, moja ikionyesha waziwazi namba iliyochongwa kwenye mwili wa lenzi. Akalipa siku ileile. Nikafunga vizuri, nikatuma kwa msafirishaji mwenye namba ya ufuatiliaji, akasaini kupokea. Kimya kikatanda, nikajua tumemalizana kiungwana.

Kisha dai likafunguliwa. Sababu: bidhaa si kama ilivyoelezwa. Aliambatanisha picha ya lenzi ya jina lilelile, kuvu imetambaa kioo kizima. Upande wenye namba hakuupiga picha. Sadfa ya ajabu, au siyo?

Niliumia, na sitajifanya nimeshasahau. Lakini hebu tuelewe kwa nini alichagua sababu hiyo na si nyingine, kwa sababu hapa ndipo wauzaji wengi wanapopigwa. Chukua mfano wa PayPal, kwa kuwa masharti yake yako wazi kwa kila mtu. Ulinzi wake kwa muuzaji unagusa mambo mawili: mnunuzi anayedai mzigo haukufika, na malipo yaliyofanyika bila idhini ya mwenye akaunti. Dai la kwamba kitu si kama kilivyoelezwa halimo. Kwa hiyo mjanja hasemi hakupokea. Namba ya ufuatiliaji itamuumbua. Anakiri kupokea, halafu anasema alichopokea ni kibovu. Muda anao wa kutosha: mfumo huo unamruhusu kufungua mgogoro hadi siku 180 baada ya kulipa. Na akiwa alilipa kwa kadi, anaweza kuiruka kampuni ya malipo kabisa akaenda benki yake, ambako kwa kadi za Visa na Mastercard mara nyingi dirisha ni siku 120. Benki ikimpa haki, kampuni ya malipo inakukata wewe na kukuambia uamuzi haukuwa wao.

Kwangu mimi kampuni iliamuru mnunuzi arudishe lenzi, na kweli kifurushi kikaja. Ndani kulikuwa na lenzi yenye kuvu, namba nyingine kabisa, toleo la zamani la lenzi niliyouza. Kwenye mfumo wao ikasomeka kwamba mzigo umerudi kwa muuzaji, fedha zikaenda kwake, kesi ikafungwa.

Mabishano yangu na huduma kwa wateja nayaruka, yangewachosha. Majina ya wahudumu yalibadilika kila mara, majibu yalikuwa ya kunakili na kubandika, na kila mmoja alidai anaelewa usumbufu nilioupata. Rufaa niliyokata kupitia kitufe chao ikarudi imekataliwa kwa sentensi mbili.

Kilichoniokoa ni uzito. Msafirishaji hupima kila kifurushi, na uzito unabaki kwenye kumbukumbu zake. Jamaa alirudisha kwa sanduku langu lilelile, na vifungashio vyangu vilevile. Kifurushi kilichotoka kwangu kilikuwa chepesi. Kilichorudi kilikuwa kizito kuliko hicho, kwa sababu toleo la zamani lina chuma kingi zaidi. Lenzi haiongezeki uzito njiani. Nikaomba msafirishaji anithibitishie vipimo vyote viwili kwa barua, nikaweka picha ya tangazo yenye namba, picha ya namba iliyorudi, mazungumzo yetu na nakala ya taarifa niliyoandikisha polisi. Vyote katika faili moja, vimepangwa kwa tarehe, kila kielelezo na herufi yake.

Faili hilo sikulipeleka tena kwa kitengo cha migogoro. Nililipeleka kama malalamiko rasmi, na hapa nataka msomaji wangu atulie asome mara mbili. Kitengo cha migogoro kinaamua nani kati ya muuzaji na mnunuzi apewe fedha. Malalamiko rasmi yanahusu mwenendo wa kampuni yenyewe, na hayo yana sheria nyuma yake. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la huduma za malipo la mwaka 2015, maarufu kama PSD2, linaitaka kampuni ijibu malalamiko ndani ya siku 15 za kazi. Ikiwa na sababu zilizo nje ya uwezo wake, mwisho ni siku 35 za kazi. Uingereza, mtu binafsi asiyeridhika na jibu la mwisho ana miezi sita ya kwenda Financial Ombudsman Service, chombo cha kusuluhisha malalamiko dhidi ya kampuni za fedha, bila kulipa ada. Marekani malalamiko kama hayo hupokelewa na Consumer Financial Protection Bureau, ofisi ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, ambayo huyapeleka kwa kampuni na kufuatilia jibu. Kokote ulipo, tafuta ni nani aliyeipa kampuni yako leseni. Mwandike jina lake kwenye barua yako. Utashangaa heshima inavyorudi ghafla.

Yangu ilirudi. Walisema uamuzi umebadilishwa baada ya mapitio ya ziada. Hakuna pole, hakuna samahani. Kama walimkata yule mnunuzi au walibeba hasara wenyewe, hawakuniambia. Lenzi yenye kuvu ninayo bado. Nimewauliza kwa maandishi niipeleke wapi.

Na hata wasingenirudishia, bado ningekuwa na mlango mwingine, ambao karibu kila anayeniandikia huwa ameshaufunga mwenyewe kichwani. Kampuni ya malipo si mahakama. Inatekeleza masharti yake tu. Mkataba wa mauzo uko kati yako na mnunuzi, na uamuzi wa kampuni hauufuti. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilisema hivyo tarehe 22 Novemba 2017 katika kesi mbili za PayPal zilizoamuliwa siku hiyo. Moja ilihusu simu iliyopotea njiani, nyingine msumeno wa kukatia chuma ambao mnunuzi aliulalamikia ubora wake. Kote kuwili PayPal ilikuwa imewarudishia wanunuzi fedha. Mahakama ikaamua kwamba marejesho yale yanalifufua dai la muuzaji la kulipwa bei, na anaweza kumshtaki mnunuzi moja kwa moja. Hiyo ni sheria ya Ujerumani, na kushtaki si kushinda. Lakini hoja inaeleweka popote: aliyekaa na mali yako na fedha pia ana swali la kujibu, na kampuni haiwezi kulijibu kwa niaba yake.

Sasa niwaambie ukweli, wenzangu mnaouza vitu vyenu mitandaoni. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema, na sisi tunauza vitu vya thamani kwa picha moja yenye giza na maelezo ya mstari mmoja. Piga picha ya namba ya kifaa. Piga video ukikiwasha na ukikifunga ndani ya sanduku, bila kukata. Andika kasoro zote, hata mkwaruzo mdogo, kwa sababu kasoro uliyoitaja haiwezi kuwa dai. Tuma kwa anwani iliyo kwenye muamala tu, hata mnunuzi akuletee hadithi ya shangazi aliyehama. Mzigo ukirudi, ufungue mbele ya kamera. Picha, namba, video. Nitarudia mpaka mchoke.

Kuna wanaonishauri nidai malipo kwa njia ya marafiki na jamaa, ile ya kutumiana fedha na watu mnaojuana, kwa kuwa hayana ulinzi wa mnunuzi. Sikubali. Mnunuzi mwaminifu atakukimbia, na ana haki. Wapo wanunuzi wanaouziwa takataka kweli, na ulinzi ule uliwekwa kwa ajili yao.

Mnunuzi akisema anataka kurudisha ndani ya siku 14 kwa sababu "ni haki yake", mwulize ameisoma wapi. Haki hiyo ya Ulaya inamhusu aliyenunua kwa mfanyabiashara, haimhusu aliyenunua kwa mtu binafsi. Mjibu kwa adabu, na ndani ya mfumo wa ujumbe wa jukwaa. Matusi yako ya usiku yatasomwa na mtu atakayeamua kesi asubuhi.

Mwisho, wakusanya madeni watapiga simu, na wanajua kuongea. Usijadiliane nao kwenye simu. Waambie deni linapingwa, waombe waandike, nawe jibu kwa kuambatanisha malalamiko yako. Na usiwape hata sehemu ndogo ya fedha ili kuonyesha nia njema, kwa sababu katika nchi nyingi malipo ya sehemu huhesabiwa kwamba umelikubali deni lenyewe.