Maswali ya Wasomaji: Tamasha la Filamu Fupi na Karo za Vijana

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa Kitanzania ninayeishi Houston, Texas. Majirani zangu Wamarekani Weusi, wengi wao waumini wa kanisa moja, wameamua kuandaa tamasha la siku moja la filamu fupi ili kuenzi utamaduni wao, na mapato yatumike kuwasomesha vijana wanaoingia chuo. Kwa kuwa nilikuwa mhasibu kabla sijaja huku, wameniomba niingie katika kamati. Kwa nini wachague filamu, ilhali chakula cha jioni cha mchango kingeleta fedha haraka zaidi? Tutahakikishaje kwamba fedha zinamfikia mwanafunzi? Na je, binti yangu, mzaliwa wa Morogoro, aliyetengeneza filamu ya dakika kumi kwa Kiswahili, ana nafasi katika tamasha ambalo si letu?

JIBU: Dada yangu, swali lako la kwanza lina jibu lenye umri wa zaidi ya miaka mia moja. Oscar Micheaux, ambaye baba yake alizaliwa utumwani, alikuwa mkulima huko South Dakota kabla hajawa mwongozaji wa filamu. Kampuni moja ilipotaka kuigiza riwaya yake lakini isikubali aiongoze mwenyewe, alianzisha kampuni yake kwa kuuza hisa, wanunuzi wengine wakiwa wakulima wazungu, na mwaka 1919 akatoa filamu yake ya kwanza. Ya mwaka uliofuata, Within Our Gates, inamhusu mwalimu Mweusi anayesafiri hadi Boston kutafuta dola 5,000 za kuiokoa shule ya watoto maskini wa Kusini. Kwa miongo mingi iliaminika kuwa imepotea, hadi nakala yake ilipopatikana Hispania, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikaitengeneza upya mwaka 1993. Kwa hiyo majirani zako hawakuunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Sinema ya Wamarekani Weusi ilianza kuzungumzia karo tangu haijapata sauti.

Mji mnaoishi nao una historia yake ya kuchangishana. Mwaka 1872, miaka saba baada ya tangazo la uhuru kusomwa Galveston tarehe 19 Juni 1865, watu waliotoka utumwani walikusanya fedha wakanunua ekari 10 ili wawe na mahali pao pa kuiadhimisha siku hiyo, na bustani hiyo, Emancipation Park, ingali pale pale katika mtaa wa Third Ward. Kijana akielekeza kamera kwa bibi anayekumbuka sherehe za zamani za bustani hiyo, hata kwa dakika nane tu, ameacha kitu ambacho sahani ya chakula cha jioni haiwezi kukiacha.

Hata hivyo, kuhusu fedha nakubaliana nawe. Ukumbi wa viti 200 ukijaa kwa tiketi ya dola 15, mtapata dola 3,000, na hapo hamjalipa ukumbi, bima wala fundi wa mitambo. Niliwahi kukaa katika kamati ya mchango mmoja, ambao sitautaja, tukamaliza usiku tukiwa na picha nzuri na deni la vipaza sauti. Tangu hapo ninashikilia kwamba gharama zote zipate mdhamini kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, awe duka la jirani, daktari wa meno au kanisa lenyewe, ili mtu anayelipa kiingilio aambiwe bila kupepesa macho kwamba fedha yake yote inakwenda kwenye karo. Kama mdhamini hakupatikana, punguzeni tamasha liwe jioni moja katika ukumbi wa kanisa. Filamu tisa za dakika kumi zinatosha kabisa.

Sasa tuingie katika kazi yako hasa. Fedha zikae katika akaunti ya taasisi iliyosajiliwa kama ya hisani chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi, wala si katika akaunti ya mwenyekiti, hata awe mchungaji. Makanisa kwa kawaida yana hadhi hiyo tayari. Mkiuza tiketi maalumu ya dola 100 inayoambatana na chakula chenye thamani ya dola 40, mnunuzi anaruhusiwa kudai nafuu ya kodi kwa dola 60 tu, na kwa kuwa malipo yamezidi dola 75, sheria inawataka mumweleze hivyo kwa maandishi. Wanaowachagua wanafunzi wasiwe na undugu na waombaji, vigezo viandikwe kabla maombi hayajafika, na kumbukumbu zihifadhiwe.

Kuhusu vigezo hivyo, kuweni waangalifu. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 2023, uliokataza rangi ya mwombaji kuzingatiwa, ulihusu udahili wa vyuo tu, lakini mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya Atlanta ilizuia shindano la ruzuku lililowekewa wanawake Weusi peke yao, kwa kutumia sheria ya mwaka 1866 iliyotungwa kuwalinda watu waliotoka utumwani. Kinaya hicho kinauma, lakini ndiyo hali halisi. Njia salama zaidi ni kumzawadia mwanafunzi yeyote wa eneo lenu kwa kazi aliyoifanya kuhusu historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, na mwanasheria asome tangazo kabla halijatoka.

Jambo lingine ambalo kamati nyingi hulijua kwa kuchelewa ni kwamba chuo kikipokea hundi ya mwanafunzi kutoka kwa mfadhili wa nje ya chuo, kinaweza kupunguza msaada wake chenyewe kwa kiasi hicho hicho, mwanafunzi akabaki pale alipokuwa. Maryland lilikuwa jimbo la kwanza kukataza mtindo huo katika vyuo vya umma, mwaka 2017. Kwa hiyo, kabla ya kutuma hundi, mwanafunzi aiulize ofisi ya misaada ya fedha ya chuo chake kama itapunguza mkopo kwanza badala ya ruzuku. Mjue pia kwamba fedha inayolipia ada na vitabu vya lazima haitozwi kodi, ila inayolipia malazi na chakula hutozwa.

Ama binti yako, Kiswahili chake si kikwazo, mradi aweke tafsiri ya maandishi chini ya picha. Lugha yetu si ngeni katika sinema hiyo: mwaka 1974 Don Amis, mwanafunzi wa Los Angeles, alitengeneza filamu ya dakika tisa kuhusu shule ya watoto Weusi, na jina la filamu hiyo linaanza kwa maneno Ujamii Uhuru. Swali la kujiuliza ni filamu inasimulia nini. Ikiwa inahusu maisha ya msichana kati ya Weusi waliozaliwa Houston na Weusi waliohamia, iwasilishwe. Ikiwa ni ya Morogoro mwanzo hadi mwisho, nafasi hiyo aiachie mtoto wa pale mtaani, yeye aipeleke tamasha la Zanzibar au lile la Pan African la Los Angeles, lililoanza mwaka 1992 na ambalo hupokea kazi za bara zima. Na akiwasilisha kwenu, dada, wewe toka katika kikao kinachochagua filamu, na jina lake lisiwemo kabisa miongoni mwa waombaji wa mfuko ambao mama yake anatunza hesabu zake.

SWALI: Je, filamu ya mwanafunzi inaweza kutumia wimbo maarufu ikiwa tamasha ni la hisani na jina la msanii limetajwa mwishoni?

JIBU: Hapana. Hisani haiondoi hakimiliki, na kumtaja msanii si kupewa ruhusa. Unahitaji kibali cha mwenye utunzi na kingine cha mwenye rekodi. Nyimbo za kiroho za enzi za utumwa hazina mwenyewe wa kudai, lakini rekodi zake za kisasa zinaye. Waombe wanakwaya waimbe upya, kisha kila mmoja asaini karatasi ya kukubali.