Kabla hujanunua fanesi mpya, angalia dakti zako kwanza

Sisi tunaishi Minnesota na mwaka wetu wa kwanza kwenye nyumba hii chumba cha watoto kule nyuma kilikuwa baridi mpaka wanalala na majaketi, nje nyuzi 20 chini ya sifuri za Fahrenheit, na fanesi (lile tanuru la gesi linalopasha nyumba nzima) linawaka dakika tatu nne linazima, linawaka tena linazima, usiku kucha. Nikaita fundi, akabadilisha swichi ya usalama, ile inayokata moto joto likizidi. Wiki mbili baadaye hali ni ileile. Akaja wa pili, akaniambia fanesi ni dogo ninunue kubwa zaidi, na mimi nilikuwa tayari kukopa hela.

Aliyeniokoa ni kaka mmoja wa Tanga anayefanya kazi ya kufunga dakti (mabomba yanayopitisha hewa kati ya fanesi na vyumba) huku miaka mingi. Hakuanza na fanesi. Alichukua karatasi moja ya kawaida akaisogeza kwenye grili ya hewa ya kurudi, yaani lile tundu lenye wavu ambapo hewa ya nyumba inarudi kwenye fanesi, ikanaswa paap, kisha akachomoa filta na ilikuwa imejikunja katikati kama upinde. Akasema ndugu yangu, hili tanuru halina shida, linakosa pumzi.

Na hapo ndo watu wengi tunakosea, tunawaza zile njia zinazoleta joto vyumbani tunasahau ile inayorudisha hewa kwenye fanesi, wakati blowa (feni ya ndani ya fanesi) haiwezi kutoa hewa ambayo haijaingia. Fanesi langu ni la BTU 80,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), linatoa kama 76,000, kwa hiyo linahitaji hewa kama futi za ujazo 1,200 kila dakika. Njia ya kurudi ilikuwa bomba moja tu la inchi 12, ambalo kwa kawaida linapitisha kama nusu ya hiyo. Akapima presha kwa manomita ikasoma inchi za maji 0.9 (ndiyo kipimo cha presha ya hewa kwenye dakti), na kibandiko cha fanesi kinasema mwisho 0.5. Joto la hewa inayoingia na inayotoka lilipishana nyuzi 78, kibandiko kinataka kati ya 35 na 65. Kwa hiyo ile swichi ilikuwa nzima siku zote, ilikuwa inafanya kazi yake ya kuzuia chuma kisiungue, na mimi nimelipia mpya!

Tukaongeza njia ya pili ya kurudi, inchi 12 vilevile, tukatupa filta ya inchi moja ya MERV 13 (namba ya uwezo wa kuchuja, ikiwa kubwa inachuja vumbi laini zaidi) tukajenga sehemu ya filta nene ya inchi 4. Presha ikashuka hadi 0.5 na ushei, tofauti ya joto ikawa 58. Fanesi ni lilelile.

Chumba cha watoto kilikuwa na shida yake nyingine. Aliyefunga mwanzo alipitisha flexi (dakti laini inayopindika) darini, ndefu kuliko inavyotakiwa, imelala kama nyoka na sehemu moja imebanwa na mbao. Flexi lazima uivute inyooke kabisa, ukate iliyozidi, na uishikilie kwa mkanda mpana kila futi 4 au 5, usitumie waya maana unaikaba. Kwenye kona tuliweka elbo ya bati. Darini ivalishe insulesheni nzuri, sisi tulitumia R-8 (namba ya R ikiwa kubwa inazuia joto zaidi), la sivyo unapasha joto panya.

Viungo navyo usivipuuze, tulipopitisha mkono kwenye dakti za besmenti (chumba cha chini ya nyumba) tulisikia hewa ya moto inatoka kila mahali. Funga kwa skrubu halafu paka mastiki, ile gundi nzito ya kuzibia dakti. Ule utepe wa kijivu wa kitambaa usiutumie jamani, unakauka unabanduka, kama ni utepe basi wa foili ulioandikwa UL 181, alama ya utepe uliopimwa kwa ajili ya dakti.

Na tafadhali acheni kufunga grili za vyumba visivyotumika mkidhani mnaokoa gesi. Nilikuwa nafanya hivyo kwa vyumba viwili, kumbe naongeza presha kwenye mfumo ambao tayari umebanwa.

Nasisitiza haya kwa sababu si suala la baridi peke yake. Fanesi likichemka kupita kiasi msimu baada ya msimu, zile chemba za chuma zinazotenganisha moto na hewa tunayovuta zinaweza kupasuka, na hapo kaboni monoksidi inaweza kuingia ndani, haina harufu wala rangi. Dakti unaweza kujifunza, lakini bomba la gesi na la moshi mwachie mwenye leseni, na akija mwambie apime presha na tofauti ya joto mbele yako na akuandikie namba, asiyekuwa na manomita mshukuru aende. Alamu za kaboni monoksidi sisi tumeweka moja nje ya vyumba vya kulala na nyingine besmenti, na kila mwanzo wa mwezi mwanangu mkubwa ndiye anayebonyeza kitufe cha kuzijaribu.