Muulize Fundi: Habari ya saa mbili imegeuka singeli

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Tandika, nimenunua saundiba, ile spika ndefu ya tivii, ya mtumba haina boksi wala kitabu, nikaiunga kwenye tivii kwa HDMI ikapiga fresh tu. Ila ina taa ndogo mbele inabadilika rangi, mara nyekundu mara nyeupe, mi sielewi. Juzi tunaangalia taarifa ya habari, ghafla taa ikawa bluu, mtangazaji kimya, singeli ikaanza kupiga na baba mkwe kakaa pale pale sebuleni! Halafu kwenye tamthilia watu wakiongea hatuwasikii, ni besi tu. Niirudishe?

JIBU: Dada pole, ila nimecheka. Usiirudishe, nzima hiyo. Singeli imetoka kwenye simu ya mtu, na kama ni nyumba ya kupanga anza kuulizia chumba cha pili maana Bluetooth inafika mita kama 10 na ukuta mmoja hauisumbui sana. Kwahiyo mtu akigusa tu jina la saundiba kwenye simu yake, yenyewe inaiacha tivii inamfuata yeye. Ikitokea tena bonyeza kitufe cha kubadilisha chanzo cha sauti (Source au Input) kwenye rimoti urudi kwenye tivii, halafu tafuta namba ya modeli chini au nyuma ya saundiba, iandike Google upate kitabu chake, uone jinsi ya kufuta simu zote ilizozikariri, maana ya mtumba inakuja na simu za mwenyewe wa zamani pia.

Sasa taa. Kazi yake kubwa ni kukwambia sauti inatokea wapi. Nyekundu mara nyingi imelala tu, umeme upo. Bluu karibu zote ni Bluetooth, ikipepesa haraka inatafuta simu, ikitulia imeshapata. Nyeupe, kijani, njano hapo kila kampuni na yake, usikariri ya jirani. Fanya hivi, bonyeza kile kitufe cha chanzo mara moja moja, kila rangi inayokuja angalia kinachosikika, andika kwenye kipande cha selotepu ya karatasi ubandike nyuma ya rimoti. Na ikipepesa polepole bila sauti, angalia kwanza kama kuna mtu kabonyeza MUTE. Nimeshaitwa mpaka Mbagala kwa ajili ya mute, nikaambulia nauli na chai.

Besi kuzidi, nahisi imeachwa kwenye modi ya muvi, ile inanyanyua besi na milipuko. Weka ya sauti za watu, kwenye rimoti imeandikwa Voice au Clear Voice, inanyanyua ile sehemu ya katikati ambapo maneno ya mtu ndo yanapokaa. Ya michezo mi siipendi, kelele za uwanjani zinajaa mtangazaji anazama. Usiku watoto wamelala tumia Night, inabana vya kelele na kuinua vya chini, hata jirani atakushukuru. Kama ina sabufa ya pembeni umeibana kwenye kona, ivute kidogo, kona inaongeza besi sana.

SWALI: Fundi mi nimetumia ule waya mwembamba unaopitisha mwanga, taa inaonyesha tivii lakini kimya kabisa.

JIBU: Ingia setingi za sauti za tivii, chagua sauti itokee nje sio spika za ndani, na pale kwenye sauti ya kidijitali weka PCM, yaani sauti ya kidijitali ya kawaida, maana baadhi ya saundiba za bei poa hazielewi Dolby, ile sauti iliyofungashwa kwa mtindo wa sinema. Ila kabla ya yote chomoa waya uangalie ncha zake, mpya zinakuja na vifuniko vidogo vya plastiki, vingine vinaonekana kabisa kama kioo, watu wanachomeka navyo. Tivii ikiwa imewaka, ncha ya upande wa saundiba inatakiwa itoe mwanga mwekundu. Huuoni, tatizo ni waya au tivii, saundiba yako iache.