Inzi Aliyezungumza Kinyamwezi

MASWALI YA WASOMAJI

Swali kutoka Isevya, Tabora

Ndugu Mhariri, katikati ya miaka ya 1970, nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi, gari la sinema lilifika mtaani kwetu, na wenyewe wakatandaza kitambaa cheupe kati ya miembe miwili. Ninachokikumbuka vizuri ni katuni moja. Mwanamume mzembe alifanywa mdogo kama punje ya mchele, kisha akatokea mbele yake inzi mkubwa kama ng'ombe, miguu imejaa vinyweleo na uchafu wa chooni. Inzi huyo alipokuwa anatua kwenye chakula alisema "Mwangaluka!" na maneno mengine mengi ya Kinyamwezi, nasi tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Wajukuu zangu wanasema niliota, kwa kuwa hakuna katuni ya Kinyamwezi iliyowahi kutengenezwa. Je, niliota? Na kama sikuota, mkanda huo unapatikana?

Jibu

Hukuota, mama, na wajukuu wako nao hawakukosea sana. Katuni ya Kinyamwezi haikutengenezwa, lakini inzi wako alikisema Kinyamwezi.

Maelezo yako yanafanana mno na katuni fupi ya studio ya Walt Disney ya mwaka 1945, iitwayo Insects as Carriers of Disease. Ndani yake yumo mtu asiyejali usafi, Careless Charlie, ambaye hupunguzwa kimo ili awaone inzi, mbu na chawa kwa ukubwa wa kutisha. Studio hiyo ilitengeneza katuni kadhaa za afya za namna hiyo kwa ajili ya serikali ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Zilikusudiwa kwanza watu wa Amerika ya Kilatini, na baadaye nakala zake zikazunguka katika nchi nyingi.

Kinyamwezi kilitoka kwa mtu aliyesimama kando ya gari. Mkanda wa sinema wa milimita 16 hubeba sauti yake katika mstari mwembamba pembeni mwa picha, na mwenye projekta akitaka, huzungusha kitufe mpaka sauti hiyo inyamaze, kisha hushika kipaza sauti na kusema mwenyewe. Mtu huyo ndiye aliyekuwa baba, mama, daktari na inzi kwa usiku mmoja. Isitoshe, reli moja, yaani gurudumu moja la mkanda, ya futi 400 humalizika kwa dakika 11 hivi, na palipokuwa na projekta moja tu ilibidi watu wakae gizani, jenereta ikinguruma, hadi reli nyingine ifungwe; kazi ya kuuzuia umati usitawanyike katika giza hilo ilikuwa yake vilevile. Hata alipopewa karatasi ya maelezo, karatasi hiyo haikumweleza inzi wa Tabora aamkie vipi. Angalia pia kwamba "Mwangaluka" ni salamu ya asubuhi, na ninyi mliketi pale usiku. Nadhani mlichekea hilo kabla ya kuchekea vinyweleo.

Desturi ya kutenganisha picha na sauti ilikuwa na umri mkubwa kuliko wewe. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na jaribio lililojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, lililogharamiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la Marekani. Lilitoa filamu zipatazo 35 kuhusu mambo kama minyoo ya safura, kodi na akiba ya benki ya posta, kisha likazipeleka kwa gari katika Tanganyika na nchi za jirani. Lugha za watazamaji zilikuwa nyingi mno kuweza kutiwa zote ndani ya mkanda, kwa hiyo sauti ilichezwa kwenye sahani za santuri, na pale ambapo santuri haikufaa, mtu alisimama akaeleza.

Baadaye, mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni chini ya William Sellers, aliyeanzia kazi hiyo Nigeria. Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa kijijini Afrika lazima aoneshwe picha za polepole, zisizo na ujanja wa kamera, asije akachanganyikiwa. Ndiyo sababu filamu nyingi za wakati huo zinachosha: mtu ananawa mikono, ananawa tena, na kamera haibanduki. Maafisa wa siku hizo walipenda kusimulia kisa cha wanakijiji walioona mbu mkubwa kwenye kitambaa, wakasema kwamba kwao hakuna hatari kwa sababu mbu wao ni wadogo. Mimi kisa hicho hakinikai. Wewe ulikuwa na miaka minane, ukamwona inzi mkubwa kama ng'ombe, na hadi leo unakumbuka kwamba jambo lenyewe lilikuwa uchafu wa miguuni mwake. Ninashuku kwamba wanakijiji wale walikuwa wanamtania afisa, naye akaenda kuandika ripoti.

Kwa kuwa umeandika kutoka Tabora, nikukumbushe pia kwamba mmoja wa nyota wa filamu za Kiswahili za mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliyecheza katika Muhogo Mchungu, alikuwa amesoma shule hapo mjini kwenu. Ni Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962.

Kuhusu kupatikana kwa mkanda wako, picha si tatizo: mjukuu mwenye simu akiandika jina la katuni nililolitaja hapo juu ataiona kwenye intaneti. Sauti uliyoisikia ndiyo haimo katika mkanda wowote, kwa sababu haikurekodiwa. Kwa hiyo mwambie mjukuu azime Kiingereza, aweke simu ya pili irekodi, halafu useme wewe kila unachokikumbuka, kuanzia salamu.

Swali kutoka Mwanga, Kigoma

Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tukijazana kwa jirani mwenye dishi kutazama maigizo ya televisheni. Leo nikiyatafuta siyapati. Kwa nini vituo havikuyahifadhi?

Jibu

Kwa sababu kanda ilikuwa ghali kuliko kumbukumbu. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, na kituo kichanga chenye kanda chache hurekodi kipindi cha wiki hii juu ya cha wiki iliyopita. Usidhani huo ni umaskini wetu peke yetu. BBC yenyewe ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960, vikiwemo vya Doctor Who, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyopotea vya tamthilia hiyo vimepatikana Jos, nchini Nigeria, katika kituo cha kurushia matangazo. Nakala za filamu zilikuwa zimeuzwa nje ya Uingereza, na zikabaki huko kwenye rafu.

Kwa hiyo usiishie kuuliza vituoni. Uliza nyumba zilizokuwa na deki ya VHS, hasa za watu waliopenda kurekodi harusi, kwa maana mara nyingi baada ya harusi kuisha kanda iliendelea kuzunguka na kudaka chochote kilichokuwa hewani. Ukiipata, ichungulie kwanza kupitia kidirisha chake; ukiona vumbi jeupe kwenye utepe, huo ni ukungu, usiitie kwenye deki, maana itachafua vichwa vya deki na utepe wenyewe unaweza kukatika. Ipeleke kwa fundi anayejua kuisafisha, naye ainakili mara moja tu, kwenda kwenye kompyuta. Na ukikutana na kopo la mkanda wa sinema badala ya kanda ya video, lifungue ulinuse: likitoa harufu ya siki, mkanda umeanza kuoza, basi uuweke mahali pa baridi na pakavu, mbali na mingine, mpaka upate wa kuunakili.