Maswali na majibu: Harambee ya shule, mgeni rasmi na ahadi hewa

Wiki hii maswali yote ni ya harambee za shule. Nimechagua machache, kama lako halimo, huenda mwenzako amekuulizia.

Kamati yetu inatafuta Sh48 milioni za kumalizia maboma mawili ya madarasa. Tunabishana kuhusu mgeni rasmi: mbunge, mkuu wa wilaya, au mfanyabiashara mzaliwa wa hapa? (Mwenyekiti wa kamati ya shule, Kilosa)

Ndugu mwenyekiti, mimi nimekwama kwenye hizo milioni 48. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa makisio ya Sh20 milioni kila moja, kuanzia msingi. Ninyi kuta zimeshasimama, halafu mnataka milioni 24 kwa darasa? Bei za vifaa zimepanda, sikatai, ila kuna mtu kwenye hiyo kamati amepanda nazo. Nendeni kwa mhandisi wa halmashauri awapigie hesabu upya: mbao, bati, misumari, saruji ya sakafu na plasta, milango, madirisha, rangi, ufundi.

Karatasi hiyo mkiipata, harambee mmeshaianza. Mtu ukimwambia "tuchangie maendeleo" atakupa elfu tano na maneno matamu. Mwambie zimebaki bati 30 za darasa la pili. Atakuuliza za geji gani na zinauzwaje, na hapo umeshampata.

Anzeni kukusanya sasa hivi. Piteni kwa wenye maduka, wenye mashine za kusaga, misikitini, makanisani, na kwa waliosoma hapo wakahamia mjini. Siku yenyewe iwe ya kutangaza kilichopatikana na kuziba pengo. Kamati inayokaa kusubiri mgeni rasmi afungue mkoba mbele ya kipaza sauti inacheza kamari.

Na mkimwalika mbunge, akatangaza mifuko 200 ya saruji, muulizeni kwa adabu: inatoka mfukoni mwake au kwenye Mfuko wa Jimbo? Mfuko huo umewekwa kwa sheria ya mwaka 2009 na hela yake ni ya umma. Sioni kwa nini mwananchi apige vigelegele kwa kupewa kilicho chake.

Kwangu mimi mgeni bora ni anayefika kwa wakati. Nimeshuhudia kwaya ya darasa la pili ikiwa imepangwa juani tangu saa tatu asubuhi, sare zimepigwa pasi, vitambaa vya bendera mkononi. Mgeni rasmi aliingia saa saba na nusu. Watoto wawili walikuwa wameshaanguka, mwalimu wa zamu anawapepea kwa daftari la mahudhurio.

Mwalimu mkuu anaruhusiwa kuwapa watoto bahasha za mchango walete nyumbani? (Mzazi, Tabata)

Hapana. Na akimrudisha mtoto kwa sababu bahasha ilikuwa tupu, anakwenda kinyume na elimu bila malipo iliyoanza mwaka 2016. Mchango wa hiari upo, lakini unasimamiwa na wananchi wenyewe pamoja na uongozi wa kijiji au mtaa. Mwalimu asishike hela hata ya kuhifadhi. Wenye kumbukumbu wanajua Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, ni kina nani walikosa usingizi.

Mwaka jana tuliahidiwa Sh17 milioni, zimeingia tatu na chenji. Tuwadaije hawa watu? (Mweka hazina, Newala)

Hamtawadai. Ahadi ni deni, ila deni hili halina baraza la kulipeleka. Nusu ya hao waliahidi kwa sababu MC aliwaita kwa majina, kamera ikawageukia, na jirani yake alikuwa ameshataja laki tano. Hiyo ni aibu, mmeiandika kwenye daftari kama mapato.

Safari hii wekeni meza mbili. Ya kwanza ni ya taslimu na lipa namba ya shule: watu wawili wanahesabu, wa tatu anaandika stakabadhi yenye nakala, na mtoaji haondoki bila karatasi yake. Meza ya pili ni ya ahadi: jina, simu, kiasi, tarehe ya kutoa, sahihi yake mwenyewe. MC atangaze jumla mbili tofauti. Akizijumlisha pamoja ili mgeni rasmi afurahi, mnyang'anyeni kipaza sauti. Asubuhi yake anzeni kuwapigia wa meza ya pili, kabla hawajasahau. Wiki ya tatu mtu ameshapata msiba, ada na mgonjwa. Fundi naye aitwe kwa hela iliyopo akaunti tu.

Bajeti ya ukumbi, chakula, fulana na muziki ni milioni nne. Tunategemea kupata kumi. Ni sawa? (Katibu wa kamati, Moshi)

Si sawa. Shule ina uwanja na miembe, ukumbi wa nini? Fulana futeni kabisa.

Mgombea udiwani anataka kutuletea madawati 50 siku ya harambee. Tukatae kweli? (Mjumbe wa kamati, Geita)

Kama kampeni zimekaribia, mwambieni alete baada ya uchaguzi, ashinde au ashindwe, kisha muone kama simu itapokelewa. Takrima, yaani zawadi na ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliingizwa kwenye sheria mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaitupa 2006, na 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Madawati yanayokuja na picha ya mtu mgongoni yatawaletea kesi isiyowahusu.

Naomba sampuli ya barua ya kuombea mchango. (Wengi mno)

Kila msimu, jamani! Ukurasa mmoja: mnajenga nini, kimefika wapi, kinapungua nini, akaunti ya shule, simu za watu wawili. "Kichwa cha habari hapo juu chahusika" na aya tatu za kumwombea msomaji afya njema ziacheni. Na msimpelekee mtu barua ya mwaka huu kabla hamjamwonyesha mchango wake wa mwaka jana ulikwenda wapi.

Tunaweza kuuza tiketi za bahati nasibu, zawadi pikipiki? (Kamati, Tanga)

Waulizeni kwanza Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kabla ya kwenda kuchapisha tiketi. Au mnadini keki na mbuzi kama wenzenu: keki ikinunuliwa inarudishwa mezani, inanadiwa tena, mpaka sukari ya juu inayeyuka. Mbuzi mmoja nimemwona akiuzwa mara tano na kurudi zizini kwao jioni.

Nipo Muscat, nimesoma shule hiyo. Mwenyekiti anasema nitume kwenye simu yake, akaunti ya shule ina usumbufu. (Msomaji, Oman)

Dada, usumbufu huo ndio ulinzi wako. Tuma kwenye akaunti ya shule, omba stakabadhi ipigwe picha, kisha mpigie mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji, kila mmoja kivyake, uwatajie kiasi. Au lipa moja kwa moja duka la vifaa, bati zipelekwe na lori shuleni, zipokelewe kwa maandishi. Ukija likizo pita ukalitazame paa, na usimwambie mwenyekiti siku unayokwenda.