Gurami mgonjwa kajificha kwenye mimea, namtoaje?

Swali: Shikamoo daktari. Nina tangi la samaki la lita 120 limejaa mimea, ndani kuna gurami wawili, neoni na kambale wadogo. Gurami mmoja mkia umechanika na ubavuni kaota kitu cheupe cha pambapamba. Nataka kumtenga ila nikizamisha wavu tu anazama majanini, nimeshang'oa mimea na bado sijamkamata. Nimwage dawa humo humo?

Jibu: Marahaba dada. Kwanza weka wavu chini, samaki mgonjwa akikimbizwa dakika 20 anaumia kuliko ugonjwa wenyewe maana ule ute unaomkinga unabanduka na magamba yanang'oka, alafu fangasi inapata sehemu mpya ya kuota.

Ungeniambia ana vidoti vidogo vyeupe mwili mzima ningekwambia muache humo humo utibu tangi zima, kwa sababu kile kimelea kikimaliza kula kinadondoka, kinajifunga kwenye changarawe na majani, kinazaa wengine mamia wanaotafuta samaki mwingine, kwa hiyo kumtoa mmoja hakusaidii kitu. Wa kwako inaonekana ni kidonda kimeota fangasi. Huyo mtoe, tena chumvi atakayotibiwa nayo mimea haiipendi.

Sasa kumkamata. Subiri usiku, zima taa ya tangi na ya sebuleni, kaa saa moja au mbili. Gurami analala juu juu karibu na uso wa maji kajiegesha kwenye majani, na ukimmulika tochi kwa pembeni utamkuta kazubaa. Usimfuate na wavu. Zamisha jagi la plastiki linaloonyesha, likae limetulia mbele yake, halafu kwa mkono wa pili msukume taratibu kwa nyuma aingie mwenyewe. Jagi halioni, wavu anauona, na zile nyuzi mbili ndefu za tumboni zinanasa kwenye wavu zinakatika. (Hata hao kambale ukija kuwatoa usitumie wavu, miiba ya mapezi yao inanasa utaishia kukata wavu kwa mkasi.) Akikushinda, kesho yake vuta maji kwa mpira mpaka yabaki nusu, uyaweke kwenye ndoo safi utayarudisha, kina kikipungua hana pa kukimbilia na mimea hujaigusa. Mtego wa chupa sikushauri, ule unategemea chakula na mgonjwa hali.

Pa kumtenga panatosha ndoo mpya ya lita 20 ambayo haijawahi kuguswa na sabuni. Weka lita 15 za maji ya tangi lako, changarawe usiweke, tupia kipande cha bomba la plastiki ajifiche. Filta ya sponji na pampu ya hewa ni lazima, na kama unaweza hiyo sponji ikae kwanza wiki kadhaa kwenye tangi kubwa ili ije na bakteria wake, la sivyo amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, itapanda haraka. Funika juu lakini acha nafasi ya hewa, gurami anavuta hewa juu ya maji. Kama uko Dar hita ya kupasha maji huhitaji, ukiwa Njombe au Mbeya nunua kabla ya yote.

Chumvi ya kawaida gramu 2 kwa lita, yaani gramu 30 kwa ndoo yako, ikoroge pembeni uigawe mara tatu ndani ya siku moja. Kila siku toa lita 5 urudishe 5 za bomba zilizolala wazi siku nzima klorini itoke, na hapo ndo watu wanakosea: chumvi haipai na hewa, kwa hiyo unaongeza gramu 10 tu za yale maji uliyotoa, sio 30 tena. Chakula kidogo sana, kikibaki kitoe.

Jagi na mpira wa huko usivirudishe kwenye tangi kubwa bila kuvikausha juani, na kama una kidonda mkononi vaa glavu, kuna bakteria wa samaki anayeingia kwenye ngozi ya mtu.

Pamba ikiisha muongeze wiki moja ndo umrudishe, usiku taa zikiwa zimezimwa. Ila kabla ya hapo muangalie yule gurami wa pili, maana mkia kuchanika hivyo mara nyingi ni kung'atwa, na kama wote ni madume mmoja mtafutie tangi lingine.